Ufipa na Watawala Wawili

Julai 1890, Ujerumani na Uingereza ziligawana nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na Mto Kalambo ukafanywa sehemu ya mpaka. Si Mwene wa Nkansi wala wa Lyangalile, falme mbili za Ufipa, aliyeulizwa. Wafipa, mafundi wa kuyeyusha chuma kwenye tanuru ndefu za udongo, wakawa raia wa Kaiser. Wajerumani wakajenga boma Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo.

Mwaka 1914 vita vya wakubwa hao vikavuka mpaka. Wajerumani waliishambulia Abercorn, upande wa Waingereza, ndiyo Mbala ya leo. Juni 1916 Waingereza wakaitwaa Bismarckburg. Pande zote mbili zilitegemea vyakula vya vijijini na migongo ya wapagazi Waafrika, waliokufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alisalimu amri Mbala tarehe 25 Novemba 1918. Ufipa ilibadilishiwa bwana, basi.

Kwa hiyo naupa mwaka 1965 uzito wa pekee. Muungano wa Tanzania ulikuwa haujatimiza miaka miwili, na ndani ya mwaka huo mmoja nchi iligombana na watawala wake wote wawili wa zamani. Februari, Ujerumani Magharibi iliondoa misaada yake ya kijeshi kwa sababu ya Ujerumani Mashariki kuruhusiwa kufungua ubalozi mdogo Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere akaikataa misaada iliyobaki. Novemba 11, Ian Smith, kiongozi wa walowezi wa Rhodesia, koloni la Uingereza, alijitangazia uhuru, na Uingereza haikutuma jeshi kumzuia. Desemba 15, Tanzania ikavunja uhusiano wa kibalozi na London, kama Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulivyoazimia. Wanachama wengi walioazimia hivyo hawakuthubutu.

Gharama ilikuwa kubwa: mkopo wa pauni milioni 7.5 ulizuiwa, kwa nchi maskini iliyokuwa ikiuhitaji mno. Uhusiano ulirejeshwa mwaka 1968 na Smith bado yuko madarakani. Zimbabwe, ndiyo Rhodesia ya zamani, ilipata uhuru tarehe 18 Aprili 1980. Hata hivyo naamini uamuzi ule ulikuwa sahihi. Mwaka 1914 watu wa Ufipa waliburutwa kwenye ugomvi wa wengine. Mwaka 1965 serikali yao wenyewe ilichagua ugomvi wake, ikajua kwa nini, ikalipa.

Waliokuwa watu wazima mwaka huo wamebaki wachache. Vijana wa Sumbawanga, Nkasi na Kalambo, ketini nao, muwaulize, na mwandike.