Kimya katika Barua ya Askari: Lewis Douglass, Julai 1863

Wanahistoria wameizoea barua ya askari kama ushahidi: huitafuta tarehe, mahali na idadi ya waliokufa, kisha huiweka kando. Makala haya yanashikilia kwamba barua ya namna hiyo ni utungo kamili, na kwamba yale inayoyanyamazia huweza kuwa na uzito sawa na yale inayoyataja. Mfano wetu ni barua ambayo Lewis Douglass alimwandikia mchumba wake, Amelia Loguen, tarehe 20 Julai 1863 kutoka Kisiwa cha Morris, Carolina Kusini, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861-1865).

Lewis alikuwa mwana wa Frederick Douglass, mtoro wa utumwa aliyegeuka kuwa mpinzani wake mashuhuri. Alikuwa sajini meja katika Kikosi cha 54 cha Massachusetts, kilichokuwa cha askari weusi chini ya maafisa weupe. Tarehe 16 Julai kikosi hicho kilishambuliwa katika Kisiwa cha James. Yalikuwa mapigano madogo, lakini ukakamavu wa askari hao uliwapa wenzao wa Connecticut nafasi ya kurudi nyuma salama. Siku mbili baadaye, magharibi, kiliongoza shambulio dhidi ya Ngome ya Wagner. Kati ya askari wapatao 600, zaidi ya 250 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Kanali Robert Gould Shaw, kamanda wao, aliuawa papo hapo.

Tazama jinsi msimulizi anavyoanza. Anasema kwamba amepigana mara mbili na hajaumia. Kisha kwamba huenda akapigana tena usiku uo huo. Huu si mpangilio wa afisa anayeripoti. Ni wa mtu ajuaye kuwa msomaji wake ataifungua barua kwa hofu. Kuhusu shambulio lenyewe, anakiri ukali wake na kuyaachia magazeti maelezo. Taswira moja tu ndiyo inayomponyoka: kombora likilipuka huacha pengo la futi 20, na wenzake huliziba tena. Mwishoni anaaga, akitaka ikumbukwe kuwa akifa atakuwa amefia jambo jema. Kwa istilahi za fasihi yetu, hapa barua imegeuka wasia.

Katikati ya maneno hayo mna orodha fupi ya majina: huyu amejeruhiwa, yule hajulikani alipo. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Mwezi Mei 1863 Bunge la majimbo ya Kusini lilikuwa limeazimia kwamba askari weusi watakaotekwa wakabidhiwe serikali za majimbo, washughulikiwe kwa sheria za huko. Maana yake iliweza kuwa kuuzwa utumwani au kunyongwa. Kwa askari mweupe, kutojulikana alipo kulibakiza tumaini la kubadilishana mateka. Kwa askari mweusi kulifungua mlango wa utumwa. Lewis halielezi hilo. Amelia, binti wa Jermain Loguen, naye mtoro wa utumwa, hakuhitaji kuelezwa.

Yawezekana mhakiki akapinga kwamba ufupi huo ni wa haraka tu, kwa kuwa mwandishi mwenyewe anasema hana muda. Lakini haraka hueleza urefu wa barua. Haielezi uteuzi wa yaliyomo. Mlinganishe na James Henry Gooding wa kikosi hicho hicho, aliyeandikia gazeti la Mercury la New Bedford. Yeye alikuwa na hadhira ya umma, hivyo akasimulia mapigano na kuwatetea askari wenzake kwa kirefu. Gooding alitekwa katika vita vya Olustee, Februari 1864, akafia katika gereza la Andersonville mwezi Julai mwaka huo.

Lewis alinusurika, akaachishwa jeshi mwaka 1864 kwa sababu ya afya, na akamwoa Amelia mwaka 1869. Hata hivyo, tusiisome barua yake kwa kujua mwisho huo. Iliandikwa na mtu asiyejua kama angeiona kesho, akachagua kumpunguzia mpenzi wake hofu pasipo kumdanganya. Mtafiti anayehesabu maiti peke yake ataikosa kazi hiyo ya lugha, na pamoja nayo ataikosa sehemu ya historia.