Karura kwa Jicho la Mchongaji

Wanaoingia msitu wa Karura, Nairobi, Jumapili na baiskeli zao husema wameenda kuonja msitu wa asili. Mimi ni mchongaji, mzaliwa wa Wamunyu, kazi yangu iko soko la Gikomba, na nikiingia pale macho hukimbilia mashina. Sehemu kubwa ya wanachokisifia ilikuwa shamba la kuni.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na magarimoshi ya enzi hizo yaliendeshwa kwa kuni. Wakoloni wakapanda mikaratusi, mti wa Australia, kwa kuwa hukua upesi na ukikatwa, kisiki huchipua chenyewe. Ndiyo maana kuna sehemu za Karura ambako miti imesimama kwa mistari. Hakuna msitu unaojipanga hivyo. Mwaka 1932 eneo lote, hekta zaidi ya 1,000, likatangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali.

Miti ya kienyeji utaikuta zaidi kwenye mabonde ya mito: mukinduri, mutamaiyu, muthiga. Gome la muthiga ukilitafuna huwasha ulimi kama pilipili, na wazee walilitumia kwa kikohozi na maumivu ya jino. (Usilibandue pale, askari wa msitu hawana mzaha.)

Halafu kuna muhugu, mti uliotulisha sisi. Ni mzito, mchwa wanaushindwa, na ukishapita tezo, tupa na msasa, hung'aa hata kabla ya kupakwa rangi ya viatu. Mzee Mutisya Munge alijifunza kuchonga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi na ujuzi huo Wamunyu, na kutoka hapo twiga na vifaru wetu wakasambaa dunia nzima. Wengine waliutaka muhugu kwa nguzo za ua na mbao za sakafu. Kwa hiyo wanaoilaumu reli peke yake kwa kutoweka kwa miti ya asili wanatupendelea sisi wachongaji.

Wakati wa vita vya uhuru, wapiganaji wa Mau Mau walijificha kwenye mapango ya Karura. Miaka ya tisini msitu ulikuwa na sifa mbaya: majambazi, maiti zilizotupwa. Penye woga hapana mashahidi, na ndipo vipande vikagawiwa kimyakimya watu waliotaka kujenga. Oktoba 1998 wananchi waliingia na miche, na mashine za ujenzi zikateketezwa. Tarehe 8 Januari 1999 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alienda kupanda mti, akiwa na wabunge na wanahabari. Vijana wa kukodiwa wakawavamia. Alipasuliwa kichwa, akaenda kituo cha polisi na kutia sahihi taarifa yake kwa damu iliyokuwa ikimtoka. Wanafunzi wa vyuo vikuu nao wakaingia barabarani. Mwaka huohuo Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Sifa zote humwendea Wangari, na ni haki yake. Lakini mimi nausifu pia ua wa umeme unaouzunguka msitu, ambao wengi huudharau. Ulipokamilika, msitu ukafunguliwa kwa umma mwaka 2011, na mama mwenye mtoto mgongoni akaweza kupita mle bila kutazama nyuma. Kinachoniudhi ni kiingilio. Kwa tajiri wa Muthaiga si kitu. Kwa kibarua wa Gikomba mwenye watoto wanne, ni unga wa siku kadhaa.

Siku hizi mikaratusi inavunwa na pengo hujazwa miti ya kienyeji. Kazi hiyo si rahisi, maana sifa iliyoipendeza reli ndiyo inayowasumbua wapandaji: visiki vinachipua, inabidi kurudi kuvikata. Muhugu nao haukimbizwi. Mche wa leo utahitaji miongo kadhaa kufikia unene wa kutoa kifaru wa maana. Sisi tulishahamia jakaranda na mwarobaini, ambayo mbao zake ni laini kuliko za muhugu na hupasuka zisipokauka vizuri. Wateja hawajali. Tulichobakiza cha muhugu ni bei, na bado tunawatajia.