Angola Baada ya Kiwiko

Video yenyewe ni fupi, na huenda umewahi kuiona. Ni tarehe 26 Julai 1992, ukumbi wa Badalona, jirani na Barcelona. Marekani inacheza na Angola katika mashindano ya mpira wa kikapu ya Olimpiki. Charles Barkley anakimbia uwanjani, na njiani anamchapa kiwiko cha kifua Herlander Coimbra, kijana mwembamba wa Angola. Refa anapuliza filimbi. Barkley anatandaza mikono kana kwamba haelewi kosa lake.

Kabla ya mchezo Barkley alikuwa amewaambia waandishi kwamba hajui lolote kuhusu Angola, ila anajua Angola wako matatani. Baada ya mchezo alitania kwamba alidhani Coimbra angemchomolea mkuki, na kwamba kijana yule alionekana kama mtu aliyekaa wiki mbili bila kula. Mwanzoni timu zilikuwa sare, 7 kwa 7. Kisha Marekani ikapata pointi 46 huku Angola ikipata 1 tu, nayo ilitokana na mtupo huru wa faulo ile ya kiwiko. Hadi mapumziko ilikuwa 64 kwa 16, na mwisho 116 kwa 48.

Kwa wengi wa rika langu, tuliozaliwa baada ya mashindano yale, Angola ya 1992 inaanzia hapo na kuishia hapo. Imebaki kuwa timu iliyopigwa kiwiko. Mimi nasomea uzamili wa historia, na swali la kwanza tunalofundishwa kuuliza mbele ya chanzo chochote ni hili: nani alikitunza, na kwa nini? Video ile ilitunzwa kwa sababu ndani yake yumo Barkley, na nyuma yake wamo Michael Jordan, Magic Johnson na Larry Bird. Kamera zilikuja kuwatazama wao. Angola waliingia kwenye picha kama ukuta unavyoingia kwenye picha ya harusi.

Lakini mashindano hayakuwa mchezo mmoja. Angola walipangwa kundi moja na Marekani, Kroatia, Ujerumani, Brazili na wenyeji Hispania. Ilikuwa mara yao ya kwanza kucheza kikapu kwenye Olimpiki. Kwa Ujerumani walifungwa 64 kwa 63, yaani pointi moja tu. Kwa Kroatia walifungwa kwa pointi 9, na Kroatia ndiyo iliyoondoka na medali ya fedha. Kwa Brazili walifungwa kwa 10. Na Hispania, mbele ya Wahispania wenyewe, waliifunga 83 kwa 63.

Zisome namba hizo polepole. Ukiondoa Marekani, hakuna timu ya kundi lile iliyoishinda Angola kwa zaidi ya pointi 10. Na Marekani ile haikuwa kipimo cha haki kwa yeyote. Iliwashinda wapinzani wake kwa wastani wa karibu pointi 44. Lithuania, waliopata shaba, walifungwa kwa pointi 51 katika nusu fainali. Kroatia walifungwa kwa 32 katika fainali. Mwaka 1989 shirikisho la kikapu la dunia lilikuwa limeruhusu wachezaji wa NBA kwenye mashindano yake, na 1992 ndiyo Olimpiki ya kwanza ambapo dunia ilionja matokeo ya uamuzi huo. Wote walizama. Angola walizama zaidi, ni kweli, lakini walizama katika maji yaleyale.

Turudi kwa Hispania, kwa sababu huko hadithi inasimuliwa vingine. Hispania haikuwa timu ya kubahatisha. Ilipata medali ya fedha Los Angeles mwaka 1984, na kocha wake, Antonio Díaz-Miguel, alikuwa ameiongoza tangu 1965. Nchi nzima ilikuwa imejiandaa kwa sherehe ya Barcelona. Kipigo cha Angola kilivunja kila kitu, na baada ya Olimpiki ile kocha aliondoka, miaka 27 ikawa imefika mwisho. Wahispania waliupa mchezo ule jina linalotumika mpaka leo: Angolazo. Katika Kihispania, mwishilizo huo wa -azo mara nyingi hubeba maana ya pigo. Kwa hiyo Barcelona kulikuwa na mapigo mawili yenye Angola ndani yake. Dunia inakumbuka lile ambalo Angola walipigwa. Lile ambalo Angola walipiga linakumbukwa zaidi na aliyeumia.

Nimejiuliza mara nyingi kuhusu maneno ya Barkley kwamba hajui lolote kuhusu Angola. Yeye kama mchezaji, sawa. Lakini serikali ya nchi yake iliijua Angola vizuri sana. Angola ilipata uhuru kutoka kwa Ureno tarehe 11 Novemba 1975, tayari ikiwa vitani. Serikali ya MPLA iliungwa mkono na Kuba na Umoja wa Kisovieti, na waasi wa UNITA chini ya Jonas Savimbi wakaungwa mkono na Afrika Kusini ya makaburu na Marekani. Januari 1986 Rais Reagan alimpokea Savimbi Ikulu ya Washington, na mwaka huohuo UNITA wakaanza kupata makombora ya Stinger ya kutungulia ndege. Marekani haikuitambua rasmi serikali ya Luanda hadi Mei 1993.

Yaani siku ile ya kiwiko, Coimbra na wenzake walikuwa wanacheza dhidi ya nchi ambayo, miaka 17 baada ya uhuru wao, haikuwa imeitambua serikali yao. Utani wa mkuki na njaa unasomeka tofauti ukiujua huo muktadha. Kama kulikuwa na njaa Angola, vita vilikuwa na mkono mkubwa katika njaa hiyo, na silaha za vita hivyo zilikuwa na anwani za watumaji, Washington ikiwa mojawapo.

Timu yenyewe ilikuwa zao la miaka hiyohiyo. Kocha wao alikuwa Victorino Cunha. Klabu kubwa za Luanda zilibeba majina ya dola: Primeiro de Agosto ilikuwa klabu ya jeshi, na Petro ilikuwa ya kampuni ya mafuta ya taifa. Nyota wao, Jean-Jacques Conceição, aliyewahi pia kuichezea Benfica ya Ureno, alizaliwa mwaka 1964 katika jiji tunaloliita leo Kinshasa, nje ya mipaka ya nchi aliyokuja kuiwakilisha. Angola hawakuwa na majitu marefu. Walitegemea kasi, pasi nyingi na ulinzi wa kumbana mpinzani. Walikuwa mabingwa wa Afrika mwaka 1989, walipokuwa wenyeji Luanda, na tena 1992. Hawakufika Barcelona kwa hisani ya mtu.

Hapa ndipo mwandishi anaposhawishika kuandika kwamba ushindi dhidi ya Hispania uliliunganisha taifa. Tumezizoea hadithi za namna hiyo, ambamo mpira unaponya kile ambacho siasa imekijeruhi. Tarehe zinakataa. Mkataba wa amani wa Bicesse ulitiwa saini tarehe 31 Mei 1991. Uchaguzi ulifanyika tarehe 29 na 30 Septemba 1992, miezi miwili tu baada ya Olimpiki. Savimbi aliyakataa matokeo. Mwisho wa Oktoba mapigano yakalipuka ndani ya Luanda kwenyewe, na mwanzoni mwa 1993 mji wa Huambo ukapigwa kwa siku 55. Vita havikuisha hadi 2002, baada ya Savimbi kuuawa. Mchezo wa Hispania ulichezwa ndani ya dirisha dogo la amani lililokuwa karibu kufungwa, na pointi 83 hazikuweza kulishikilia.

Sioni kama jambo hilo linapunguza thamani ya ushindi ule. Linanizuia tu kuutumikisha kwa kazi usiyoiweza. Vijana 12 waliotoka katika nchi yenye majeraha walicheza dakika 40 vizuri kuliko wenyeji wa Olimpiki, siku chache baada ya kudhalilishwa mbele ya dunia nzima. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Walimaliza katika nafasi ya 10 kati ya timu 12.

Na uhunzi uliendelea. Mwaka 1993, mwaka uleule wa Huambo, mashindano ya Afrika yalifanyika Nairobi. Angola walichukua ubingwa, na Kenya, wenyeji, wakamaliza wa nne. Kati ya 1989 na 2013 Angola walitwaa mataji 11 ya Afrika. Kenya, kwa upande wake, haikucheza tena mashindano hayo kwa miaka 28.

Ndiyo maana nadhani kipimo bora zaidi cha Angola hakimo katika video ya Badalona. Kimo katika video nyingine, ya Februari 2021, kutoka Yaoundé. Ni mechi ya kufuzu. Kenya, chini ya kocha Liz Mills, iko nyuma kwa pointi moja, na saa inakaribia kuisha. Tylor Ongwae anaruka, anatupa, na mpira unaingia king'ora kikilia. Kenya 74, Angola 73. Wachezaji wa Kenya wanamrukia Ongwae na kuangushana chini. Siku zilizofuata video hiyo ilizunguka kwenye simu za watu, hata wale ambao hawajawahi kutazama kikapu maishani.

Ushindi huo uliisaidia Kenya kurudi kwenye mashindano ya Afrika. Lakini angalia namna wanavyoshangilia. Hakuna anayeshangilia hivyo kwa kumshinda mtu mnyonge. Wachezaji wale wa Kenya, wengi wao hawakuwa hata wameanza shule wakati wa Barcelona, walijua vizuri kabisa waliyemshinda ni nani. Hawakuhitaji kuelezwa lolote kuhusu Angola.