Maswali Kabla ya Koleo

Mwanafunzi alikuwa rika langu. Koti jeupe, kalamu mbili mfukoni, fomu ya kurasa kadhaa mkononi. Mamangu alikuwa amelala kwenye kile kiti cha meno, shavu limevimba, nami nimesimama pembeni nimemshikia mkoba. Tulikuwa tumeambiwa kwamba hospitali ya mafunzo ni bei nafuu, ila ujipange, maana wanafunzi hawana haraka.

"Mama, uko na shida yoyote ya moyo?"

"Mimi nimekuja kwa sababu ya jino."

"Najua, mama. Lakini moyo je?"

Akaendelea. Presha? Sukari? Umewahi kufanyiwa upasuaji? Kuna dawa inayokudhuru? Kila siku unameza dawa gani? Naomba kuziona. Mamangu akanitupia jicho, kama anayeuliza: huyu anataka kuning'oa jino ama kuandika kitabu cha maisha yangu?

Mimi nilinyamaza, maana nilijua bei ya kutoulizwa. Mamangu ana vali ya bandia moyoni. Utotoni koo lilimuuma, ikafuata homa iliyoingia kwenye viungo, na homa hiyo ikaziharibu vali za moyo polepole hadi akapasuliwa ukubwani. Tangu hapo humeza warfarin kila jioni ili damu isigande kwenye vali. Miaka mitatu kabla ya siku hiyo, kwenye kliniki moja ya mtaani, walimng'oa jino bila kumuuliza lolote. Dakika kumi, kazi imeisha. Usiku huo tulibadilisha taulo hadi alfajiri, kisha tukaita teksi. Alipona. Lakini swali lilibaki nami: inakuwaje mtu anafunzwa meno bila kufunzwa kuuliza habari za moyo?

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hakuna mwalimu wa kumuuliza. Nikaanza kusoma mwenyewe.

Jibu lilinipeleka Baltimore, Marekani, mwaka wa 1840. Huko Horace Hayden na Chapin Harris walifungua chuo cha kwanza duniani cha kufundisha udaktari wa meno. Hadi wakati huo, kinyozi au mhunzi mwenye koleo na mkono mzito angeweza kukung'oa jino. Chuo kilikuwa hatua kubwa. Ila kilisimama peke yake, nje ya shule ya udaktari, na mfano huo ukaenea: daktari huku, daktari wa meno kule. Kinywa kikapewa ofisi yake, kana kwamba damu inayopita kwenye ufizi haifiki moyoni.

Walipokumbuka kwamba kinywa ni sehemu ya mwili, walipitiliza. Mwaka wa 1910 daktari Mwingereza William Hunter alitoa mhadhara Montreal, Kanada, akilaumu kazi za dhahabu za madaktari wa meno kwa kufunika usaha unaowafanya watu waugue. Hakukosea kabisa. Lakini baada ya hapo jino likawa mshukiwa wa kila ugonjwa. Kule Trenton, New Jersey, Henry Cotton, mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili, aliwang'oa wagonjwa wake meno akiamini kwamba usaha ndio uliowatia wazimu. Yaani kutoka kutouliza chochote kuhusu mwili, hadi kusingizia jino kila kitu.

Ushahidi wa maana ulikuja mwaka wa 1935. Okell na Elliott, watafiti wa Uingereza, walipima damu ya watu waliotoka tu kung'olewa meno. Kwa zaidi ya nusu yao walikuta bakteria wa kinywani wakielea ndani ya damu. Kwa mtu mzima wa afya, mwili huwafagia upesi. Kwa mtu mwenye vali mbovu au ya bandia, wanaweza kujishikiza hapo, wakazaana na kumuua. Mwaka wa 1955 American Heart Association ikatoa mwongozo wake wa kwanza: wagonjwa kama hao wapewe antibayotiki kabla ya kuguswa meno. Swali la moyo likapata nafasi kwenye fomu.

Ungedhani basi wanafunzi wakariri na wapite mtihani. Wapi! Mwaka wa 2007 Wamarekani haohao walipunguza orodha ya wanaopewa dawa hizo, kwa sababu hata kutafuna na kupiga mswaki kila siku huingiza bakteria kwenye damu. Walibakisha walio hatarini zaidi, wakiwemo wenye vali za bandia. Mwaka uliofuata, Uingereza ikashauri dawa hizo zisitolewe hata kwao. Warfarin nayo ilianza kuuzwa mwaka wa 1948 kama sumu ya panya, kabla ya kuwa dawa ya watu. Kwa miaka mingi wagonjwa waliambiwa waiache siku kadhaa kabla ya kung'olewa jino. Siku hizi kwa kawaida hawaambiwi hivyo. Damu ya ufizi unaweza kuibana na kuishona, lakini bonge la damu likipanda kwenye ubongo utalishona wapi?

Ndiyo maana somo hili si la kukariri. Kinachofundishwa ni tabia: kuuliza, kusikiliza, na kumpigia simu daktari mwenzako kabla ya kushika koleo. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kufundisha madaktari wa meno mwaka wa 1974, kiliwaweka ndani ya kitivo cha udaktari. Angalau kwenye karatasi, kinywa kilirudi nyumbani.

Yule mwanafunzi hakung'oa jino siku hiyo. Alimwita mwalimu wake, wakaipigia simu kliniki ya moyo, mamangu akatumwa kupima damu. Tuliporudi, alipewa antibiotiki saa moja kabla. Jino likatoka, pakashonwa, akauma kipande cha pamba, tukawekwa kwenye benchi hadi wakahakikisha damu imekatika.

Kwa hivyo ukikalia kiti kile na hakuna anayekuuliza, sema mwenyewe. Beba dawa zako kwenye mfuko wa karatasi, uziweke mezani.

"Yule msichana ana maswali mengi," mamangu aliniambia ndani ya matatu, akiongea kwa upande mmoja wa mdomo. Usiku huo nilikaa macho karibu na kitanda chake, taulo magotini. Kulipopambazuka lilikuwa bado kavu.