Meli Iliyozamishwa na Mlima

Unadhani meli ya mizigo Liberty, ya Wamarekani, ilizamishwa na nani? Mimi nilijibu upesi: nyambizi ya Wajapani. Kumbe wapi! Januari 1942 iliipiga topido karibu na Bali, Indonesia, lakini meli haikuzama. Ikakokotwa, ikapandishwa ufukoni Tulamben, ikakaa hapo miaka 21. Mwaka 1963 Mlima Agung ukalipuka, ardhi ikatetemeka, meli ikateleza baharini. Mlipuko huo uliua watu zaidi ya 1,000.

Nilipokwenda kupiga mbizi pale, mtungi wangu wa hewa ulibebwa kichwani na mama mmoja wa kijiji. Chini, matumbawe, samaki tele, we acha tu! Nilipotoka nikamkuta ameketi akinisubiri, mlima nyuma yake. Sikumuuliza mwaka ule ulichukua nani kwao.