Ngazi ya gofu iliyoruka Busia na Tororo

Miaka ya 1970 na 1980, baridi ilipofunga viwanja vya Ulaya, wacheza gofu wa kulipwa kutoka Uingereza na kwingineko walikuja Afrika kutafuta riziki. Mzunguko wao uliitwa Safari, ukipita Nigeria, Zambia na Kenya. Lagos walikuta eneo la shimo halina nyasi, ni mchanga uliochanganywa na mafuta. Nairobi palikuwa na Kenya Open, iliyoanza mwaka 1967 katika uwanja wa Muthaiga.

Mzunguko huo ulikuwa shule, tena kali. Kijana alijilipia nauli, akacheza mashimo 36, na akichujwa hapo hakuambulia hata shilingi. Waliovumilia walifika mbali. Mhispania Seve Ballesteros alishinda Kenya Open mwaka 1978, na mwaka uliofuata akatwaa ubingwa wa wazi wa Uingereza. Ian Woosnam wa Wales alishinda Nairobi mwaka 1986, kisha Masters ya Marekani mwaka 1991. Mwaka huo huo wa 1991 Kenya Open ikaingizwa katika msururu wa daraja la pili la Ulaya, nao ukaendelea kuinua wageni: Trevor Immelman wa Afrika Kusini alishinda mwaka 2000, na miaka minane baadaye akavishwa koti la kijani la Masters.

Na wenyeji je? Jacob Okello alilikaribia kombe hilo mwaka 1998, akashindwa katika mashimo ya ziada. Hadi leo hakuna Mkenya aliyelichukua. Ngazi ilisimikwa kwetu, wakaipanda wengine.

Ndiyo maana Safari Tour ya miaka ya karibuni ina uzito. Iliandaliwa kwa ajili ya wachezaji wa kulipwa wa hapa nyumbani, wanaofanya vizuri msimu mzima wapate nafasi katika Kenya Open, ambayo mwaka 2019 ilipanda hadi daraja la juu la Ulaya. Mwaka 2024 Sunshine Tour ya Afrika Kusini nayo ikafungua msururu wake wa kukuza vipaji Afrika Mashariki.

Sasa tazama mpakani mwa Kenya na Uganda. Kutoka Busia hadi Mumias ni kama saa moja kwa matatu. Huko, kwenye uwanja uliokuwa chini ya mbawa za kiwanda cha sukari, ndiko anakotoka Dismas Indiza, mmoja wa wachezaji wakubwa wa kulipwa Kenya. Ng'ambo ya pili, upande wa Uganda, Tororo ina uwanja wake wa mashimo tisa. Ukitaka kumi na manane, unauzunguka mara mbili. Katika viwanja kama hivi mtoto huanza kwa kubeba mfuko wa mwanachama, akijifunza kwa macho jinsi bega linavyogeuka, hadi siku atakapopewa fimbo moja kuukuu ajaribu mwenyewe.

Vijana hao wakitaka mashindano ya kulipwa husafiri kwenda Nairobi, pwani au Entebbe, na nauli peke yake huwashinda wengi. Ningependa hatua moja ya msururu wa Afrika Mashariki ichezwe Tororo. Tangu mwaka 2018 kituo cha pamoja cha Busia kinawahudumia wasafiri wa pande zote mbili, na Mkenya huvuka kwa kitambulisho tu. Mchezaji wa Mumias angeondoka kwake asubuhi na mfuko wake begani, akafika kabla ya saa ya kuanza.