Vipimo vya dawa katika kidimbwi cha samaki

MFUGAJI anapowaona samaki wake wakielea juu ya maji wakitweta, aghalabu jambo la kwanza kumjia akilini ni dawa. Hapo ndipo mavuno ya msimu mzima yanapoweza kupotea kwa siku moja. Dawa hiyo hutiwa ndani ya maji wanamoishi samaki, na kosa la kipimo humfikia kila mmoja wao, mzima kwa mgonjwa.

Kwa hivyo, kazi huanza kwa kupima maji yenyewe. Vidimbwi vilivyochimbwa nchini chini ya mpango wa serikali wa kufufua uchumi ulioanza mwaka 2009 vilikadiriwa kuwa na ukubwa wa mita 300 za mraba. Maji yakiwa na kina cha wastani cha mita moja, ujazo wake ni mita 300. Pamanganeti ya potasiamu, inayotumiwa dhidi ya bakteria na vimelea vya ngozi na matamvua, kwa kawaida hutiwa gramu 2 kwa kila mita ya ujazo, yaani gramu 600 kwa kidimbwi hicho. Aliyekisia kina cha mita moja ilhali ni nusu mita, amewatilia samaki maradufu ya kipimo. Maji hugeuka rangi ya zambarau. Yakiwa kahawia upesi, ni dalili kuwa uchafu umeimaliza nguvu dawa.

Fomalini huangamiza vimelea, lakini pia hupunguza oksijeni majini. Kuitia alfajiri, wakati oksijeni imepungua mno, ni kuwanyonga samaki. Wanaotweta huenda hata hawaugui. Wanakosa hewa tu, na tiba yao ni maji mapya. Mrututu nao ni sumu kali katika maji yenye upungufu wa chokaa.

Rangi ya malakaiti ya kijani, iliyopendwa zamani kwa kuzuia ukungu kwenye mayai, imepigwa marufuku katika Umoja wa Ulaya na Marekani kwa samaki wa kuliwa, kwani masalio yake hubaki katika nyama.

Iliyo nafuu ni chumvi ya kawaida. Vifaranga vya ngege au kambare huweza kuogeshwa katika gramu 10 kwa kila lita ya maji, kwa muda usiozidi nusu saa, kabla ya kutiwa kidimbwini. Wakianza kulala ubavu, watolewe mara moja.